Nyanya alizaliwa Pangani: sisi watu wa Majengo tumetoka wapi?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, ingawa sasa naishi Kayole. Nyanya yangu, aliyefariki miaka michache iliyopita, alizaliwa Pangani mwaka 1934 na kuletwa Majengo angali mtoto. Mamake ndiye aliyekuwa na nyumba. Kwetu tunaongea Kiswahili tu, na sisi ni Waislamu. Kila ninakokwenda naulizwa, "Kwenu ni wapi?" Nikijibu Majengo, naambiwa hapo ni mjini, si kwetu. Wengine hunicheka kwamba wanajua nyanya zetu walipataje nyumba. Naomba unieleze watu wa Majengo tulitoka wapi, kwa nini majina ya huku yanafanana na ya pwani, na kama ni kweli Kariokor yetu na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina moja.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na nyanya. Nitalijibu swali lako kwa kuanzia mwisho, kwa sababu Kariokor ni mlango mzuri wa kuingilia Majengo.

Ndiyo, ni jina moja. Kariokor na Kariakoo yote yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza wa huku na Wajerumani wa Tanganyika walipoanza kupigana mwaka 1914, barabara za magari hazikuwepo, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilipanda kichwani mwa mtu. Wanaume walikusanywa Ukambani, Nyanza, Mlima Kenya na Pwani, wengi wao kwa nguvu, wakatembezwa mpaka kusini ya mbali. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Hapa Nairobi kambi yao ilikuwa upande wa mashariki wa mji, na vita vilipokwisha jina likabaki pale pale. Dar es Salaam nayo ilipoangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916, wapagazi wakapiga kambi kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kwa soko, na jina likaganda vilevile. Soko kubwa la Kariakoo la leo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Wenzetu wameliandika jina hilo kwa tahajia ya Kiswahili kamili. Sisi tumeliacha katikati ya njia, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Lakini ukiwa sokoni Kariokor unanunua kiondo au ndara za akala, umesimama juu ya kumbukumbu ya watu walewale.

Siku ukipita Kenyatta Avenue, simama kidogo penye sanamu za askari zilizozinduliwa mwaka 1928. Mmoja wa wale watu wa shaba ni mpagazi. Maandishi ya chini yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nakuambia habari hii mapema kwa sababu watu hudhani Kiswahili kililetwa Nairobi na wafanyabiashara wa pwani peke yao. La. Mkamba, Mjaluo, Mnyasa na Mmanyema waliolala hema moja walihitaji lugha ya kugawana chumvi, ya kuzika wenzao na ya kumwambia nyapara kwamba mtu anaumwa. Waliorudi walirudi nayo.

Sasa tuingie Pangani alikozaliwa nyanya yako.

Reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899. Mahali penyewe palikuwa kinamasi, na Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi. Pamoja na reli walikuja watu ambao tayari walikuwa na mazoea ya kusafiri: wapagazi wa misafara, askari, wapishi, mafundi seremala, wachuuzi. Kulikuwa na Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, Wamanyema wa kutoka Kongo, Wadigo, Wasomali. Hakuna aliyewajengea nyumba. Walijijengea vijiji wenyewe kandokando ya mji, wakavipa majina waliyoyataka: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Pangani yenyewe ni jina la mji ulioko mdomoni mwa mto katika pwani ya Tanga, mahali ambapo misafara ya bara ilianzia safari zamani. Mtu aliyeondoka pale na mzigo kichwani akafika kando ya mto Mathare na kupaita Pangani alikuwa anafanya kile anachofanya kila mhamiaji: anaubeba mji wake mdomoni.

Kibera ni habari nyingine, ingawa inafanana. Ile ilitolewa kwa askari Wanubi waliotoka Sudan na familia zao. Kina Kibera walikuwa na jeshi la kuwatetea, angalau mwanzoni. Watu wa Pangani hawakuwa na mtetezi, nalo ni jambo la kukumbuka unaposoma yaliyofuata.

Serikali ya kikoloni haikuvipenda vile vijiji. Mwaka 1902 tauni iliingia kwenye Bazaa la Wahindi na bazaa lote likachomwa moto kwa amri. Tangu hapo neno "afya" likawa sababu tayari ya kila uhamisho. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, Profesa Simpson, aliandika ripoti iliyopendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu. Wazungu wakashika vilima vya magharibi vyenye udongo mwekundu na hewa nzuri, Wahindi wakapata Ngara na Parklands, na Mwafrika akasukumwa mashariki kwenye tambarare ya udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunasa viatu masika. Unapoona leo kwamba mvua ya siku mbili inafunga njia Eastlands na haifungi Kileleshwa, unaiona ripoti hiyo ikiendelea kufanya kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndipo Pumwani ilipofunguliwa kama mtaa rasmi wa kwanza wa Waafrika katika Nairobi. Vijiji vya Mombasa, Maskini na Kaburini vilibomolewa na watu wakaelekezwa huko. Jina lenyewe wazee hulieleza kwa kitenzi kupumua: mahali pa kupumua baada ya kufukuzwa huku na huku. Halmashauri ilipima viwanja ikaweka maji na vyoo vya umma. Nyumba hazikujengwa na halmashauri. Kila mwenye kiwanja alijenga mwenyewe, kwa pesa zake na vifaa vyake, na ndiyo sababu mtaa ukaitwa Majengo. Utaikuta Majengo nyingine Mombasa, nyingine Moshi, nyingine Dodoma. Jina hilo humaanisha kwamba hapa watu walijenga kwa mikono yao, na nataka ulishike hili vizuri kwa sababu nitalirudia.

Pangani ilibaki ikipigana na amri hadi mwisho wa miaka ya 1930. Kufikia 1939 haikuwepo tena. Kwa wenye nyumba waliobomolewa, halmashauri ilijenga mtaa mpya, Shauri Moyo. Wazee huniambia jina lilitokana na jibu walilolitoa watu walipoulizwa kama watahama kwa hiari: hilo ni shauri la moyo wa mtu. Kulikuwa na sharti moja lililowauma. Mwenye nyumba wa Pangani alipewa haki ya kukaa na kupangisha Shauri Moyo maisha yake yote, lakini hakuruhusiwa kuirithisha nyumba. Akifa, nyumba inarudi kwa halmashauri. Kwa hiyo waliopata njia ya kuingia Majengo badala ya Shauri Moyo, kwa kununua au kwa kupokewa na ndugu, waliingia. Kama mama yake nyanya yako alikuwa na nyumba Majengo na akaiacha kwa watoto, huenda alilifanya chaguo hilo akijua kabisa anachokifanya.

Nikueleze nyumba ile ilivyokuwa, kwa sababu wewe huenda ulizaliwa kukiwa na vyumba vya mabati tu. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na mlango wa nyuma unaotokea uani. Uani ndiko kulikokuwa na jiko, bafu, kamba za nguo na maisha yenyewe. Kuta zilikuwa za fito na udongo, zimepakwa chokaa. Pwani wangeezeka makuti, lakini Nairobi makuti yangetoka wapi? Waliezeka kwa madebe ya mafuta taa, yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, yakapangwa kama magamba ya samaki. Niliwahi kuonyeshwa kipande kimoja kilichotolewa kwenye paa la nyumba iliyokuwa ikivunjwa. Upande wa juu kilikuwa kutu tupu, lakini upande wa ndani, uliofukizwa moshi wa jiko kwa miaka mingi, ulikuwa mweusi unaong'aa, na ukikisogeza kwenye jua uliona bado mistari minne ya mikunjo pale lilipokuwa debe. Mama aliyenionyesha alikipitisha kidole kwenye mikunjo hiyo akasema, "Hili mama alilinunua peke yake, na hili, na hili." Kila debe lilikuwa na siku yake ya kununuliwa.

Hapo ndipo tunapofikia lile linalokuumiza. Nitalisema waziwazi.

Ukoloni uliwataka wanaume mjini, bila wake zao. Mshahara ulipangwa kana kwamba mwanamume hana mke wala mtoto, na malazi yalikuwa kitanda, hayakuwa nyumba. Kipande, yaani kitambulisho chake cha kazi, kilining'inizwa shingoni mwake kikimwambia arudi kwao kazi ikiisha. Wakati huohuo, wanawake walikuwa wakikimbilia mji: mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, msichana aliyekataa kuozwa, mke asiyezaa, mwanamke aliyepoteza mifugo kwa ukame au kwa faini. Walitoka Ukikuyu, Ukambani, Nandi, Umaasai, na baadaye Wahaya kutoka ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Huko walikotoka mwanamke hakurithi ardhi. Nairobi ikamwambia: jenga kama unaweza.

Basi wakajenga. Walipika pombe, waliuza uji na maharagwe, walichoma mahindi, walipangisha vyumba, walifua. Na ndiyo, wengine walifanya kazi ya umalaya, wakiwauzia wanaume wale wapweke usiku mmoja pamoja na chai, maji ya moto ya kuoga na mazungumzo ya mtu anayekusikiliza. Pesa hizo ziligeuka madebe ya paa. Kufikia miaka ya 1930 wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani, wakati ambapo Mwafrika mwanamume aliyeajiriwa na reli au serikali hakuwa na hata mlango wake mwenyewe. Sijui mama yake nyanya yako alifanya kazi gani kati ya hizo. Wewe pia hujui, na anayekucheka hajui. Ninachokuambia ni kwamba hata jibu likiwa lile unaloliogopa, huyo ni mtu aliyeingia mjini mikono mitupu akaacha nyumba ya vyumba sita na uzao unaosoma na kuandika. Mimi nimetumia maisha yangu kusoma habari za mji huu, na katika habari zote hizo sijapata watu ninaowaheshimu kuliko hao.

Kwa nini wengi wao walisilimu? Wapo wanaosema ni kwa ajili ya wanaume Waislamu. Mimi naona sababu ilikuwa kubwa zaidi. Mwanamke aliyeondoka kwao bila radhi alikuwa amepoteza ukoo. Nani atamuuguza? Nani atamwosha akifa? Nani atarithi? Uislamu wa Majengo ulimpa majibu yote matatu. Akisilimu alipata jina jipya, akapata "mama" na "dada" waliomshika mkono siku hiyo na kubaki jamaa zake hadi kaburini. Aliweza kumchukua mtoto wa mtu akamlea na kumwachia nyumba. Aliweza kuiweka nyumba wakfu kwa msikiti. Kikuyu kikawa lugha ya kunong'ona na wageni kutoka kijijini, Kiswahili kikawa lugha ya kuapia, kuimbia na kulelea. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema ninyi si Waswahili wa kweli kwa sababu hamkutoka Lamu, mjibu kwamba Uswahili wa Lamu nao ulijengwa na watu waliokuja kutoka sehemu mbalimbali wakakaa pamoja. Tofauti ni kwamba wenu una miaka mia moja na kitu, na majirani wameushuhudia ukizaliwa.

Niongeze moja ambalo halisemwi sana. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada wamefanya kazi na wanawake wa Majengo, na waligundua kwamba baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kuwa hatarini kwa miaka mingi. Sehemu ya kile dunia inachokijua kuhusu kinga ya mwili dhidi ya virusi hivyo ilitoka katika damu iliyotolewa na wanawake hao, katika kliniki ndogo mtaani kwenu.

Kuhusu majina mengine ya mitaa jirani, ningeweza kuandika hadi kesho, lakini nichague machache. Burma, pale penye soko la nyama, ni jina lililoletwa na vita vya pili, kwa sababu askari wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana na Wajapani huko Asia. Ofafa ni Ambrose Ofafa, diwani wa jiji na kiongozi wa Luo Union aliyeuawa wakati wa Hali ya Hatari. Ndiyo sababu unasikia Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Mbotela nayo ina safari ndefu zaidi. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union), akapinga Mau Mau, akauawa Novemba 1952. Ukoo wake ulitoka Freretown, Mombasa, kijiji cha Wamisheni cha watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Tazama basi: matatu inapita Mbotela asubuhi, makanga anapiga kelele, na ndani ya jina hilo kuna jahazi, kuna Bahari ya Hindi, kuna babu aliyetekwa bara la mbali kusini. Abiria wanafikiria nauli tu.

Kaloleni ilijengwa katikati ya miaka ya 1940 kwa mawe na bustani, na ukumbi wake ukawa bunge la wasio na bunge. Tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, mwana wa Kalasinga fundi chapa, alisimama pale akataka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Miaka minne baadaye, Aprili 24, 1954, jeshi liliuzingira mji mzima kuwasaka Mau Mau kwa kuwachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini. Mitaa hii ya mashariki ndiyo iliyoathirika zaidi. Muulize mzee yeyote wa Bahati au Pumwani kuhusu gunia lenye matundu mawili ya macho, alilovaa mtu wa kuonyesha nani ni nani. Wengi hunyamaza kwanza kabla ya kujibu.

Na uwanja wa Kamukunji uko hatua chache tu kutoka mlangoni penu. Tarehe 7 Julai 1990 ndipo watu walipokwenda pale kudai vyama vingi ingawa mkutano ulikuwa umepigwa marufuku na waliouitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wamekwisha kukamatwa. Rubia huyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, mwaka 1962. Mwisho wa 1991 kifungu cha chama kimoja kikafutwa katika katiba. Leo kamukunji imekuwa nomino ya kawaida: wanafunzi wakitaka kujadili ada wanaitisha kamukunji, wabunge wakikutana faraghani magazeti huandika kamukunji. Ni mitaa michache sana duniani ambayo jina lake limeipa lugha neno la kukutana na kusema.

Eastleigh sitaikalia sana, maana inastahili barua yake. Jua tu kwamba Wasomali hawakufika huko juzi. Walikuwepo tangu enzi ya ukoloni, pamoja na Wahindi waliojenga zile nyumba za zamani zenye baraza, na kilichobadilika baada ya 1991, Somalia ilipoanguka, ni ukubwa wa biashara. Garissa Lodge ilikuwa gesti. Vyumba vya kulala vikageuka maduka, na kutoka hapo majumba ya biashara yakaenea mtaa mzima. Mzigo unaoshushwa Eastleigh unauzwa Gikomba, wa Gikomba unakwenda Kampala na Goma. Njia ya misafara haijafungwa, imebadilisha mizigo.

Sasa, "Kwenu ni wapi?"

Swali hili kwa Kenya lina shimo ndani yake. Anayeliuliza anataka kusikia kijiji, kaburi la babu, na mgomba. Wakoloni waliamini kwamba Mwafrika mjini ni mgeni, kwao ni "reserve", na sisi tuliirithi imani hiyo tukaifanya mila. Mimi mwenyewe niliwahi kumsindikiza kijana wa Majengo kwenye ofisi moja kushughulikia karatasi zake, na karani akamrudisha mara mbili kwa sababu alipoulizwa mahali pa asili aliandika Pumwani. Mara ya tatu aliandika jina la kata fulani ya bara ambayo hajawahi kuikanyaga, na akapokelewa kwa tabasamu. Niliumia sana siku hiyo. Tulimfundisha kijana kudanganya kuhusu mahali pekee ambapo watu wake wamezaliwa, wameoana na kuzikwa kwa vizazi vinne.

Kwenu ni Majengo, kwa sababu watu wako walijenga pale. Ukoo wa mtu wa bara huthibitishwa na mti uliopandwa na babu. Wako unathibitishwa na madebe, na kwa makaburi ya Waislamu pale Kariokor. Kama ukipenda kujua mama wa nyanya alitoka kabila gani kabla ya kusilimu, tafuta, ni haki yako na ni raha. Lakini utafute kwa kuongeza, usitafute ili upate cheti cha kuwa Mkenya.

Nikusaidie pa kuanzia. Kwanza, nyumbani. Tafuta karatasi yoyote yenye namba ya ploti, risiti ya kodi ya kiwanja, hata bili ya zamani ya maji. Namba ya ploti ni bora kuliko jina, kwa sababu majina ya wanawake hao yanajirudia sana na makarani waliyaandika walivyosikia: Fatuma binti Abdalla wako wengi, na "binti Abdalla" mara nyingi ni jina lililopewa mtu siku aliyosilimu, halimtaji baba mzazi. Pili, nenda Mahakama ya Kadhi uulize kumbukumbu za mirathi ya mwenye nyumba. Warithi huorodheshwa, na hapo ndipo utaona kama nyanya yako alikuwa mtoto wa kuzaa au wa kulea; jiandae kwa jibu lolote, na usipunguze kumpenda. Tatu, nenda Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, lile jengo lililokuwa benki pale Moi Avenue, uombe faili za Halmashauri ya Nairobi zinazohusu Pangani, Shauri Moyo na Pumwani, hasa za miaka ya 1936 hadi 1940.

Na kabla ya hayo yote, nenda Majengo wiki hii, baada ya alasiri, ukiwa umebeba sukari na majani ya chai. Mtafute mama mkubwa kuliko wote aliyebaki katika mstari wenu wa nyumba. Usimuulize nyanya alitoka wapi. Atakujibu "hapa hapa" na mazungumzo yataisha. Muulize ni nani waliomwosha mama yake nyanya alipofariki. Wanawake hao wawili au watatu ndio ukoo wake, na huyo mama atawakumbuka kwa majina, kwa vyumba walivyokaa, na kwa nyimbo walizokuwa wakiimba harusini. Mwache aongee, na uandike.